Uvimbe na vidonda vya usaha kwa sungura wa nyumbani: dalili, chanzo na la kufanya

Wanaofuga sungura mmoja wawili nyumbani, iwe hapa Uganda kwenye kambi ya polisi Nsambya, Bombo au Arua, huuliza jambo moja kwanza: "Nimpake dawa gani?" Swali hilo linakuja mapema mno. Kila jipu la sungura lina mahali lilipoanzia: jino, kung'atwa na mwenzake, sakafu ya waya, mabuu wa nzi. Ukishapajua mahali hapo ndipo utajua kama kazi utaimaliza nyumbani kwa maji ya chumvi, au utamtia kikapuni upande boda leo leo kwenda kwa daktari wa mifugo.

Mtazame mnyama mzima kwanza

Sungura huficha maumivu. Ukimkuta amejikunyata pembeni, macho nusu, anasaga meno mpaka unasikia, ujue alianza kuumia zamani. Hali hizi hazingoji kesho, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo:

- Hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa 12. Utumbo wa sungura hautakiwi kusimama. Ukisimama, kinachomuua ni tumbo, na jipu linabaki pale pale.
- Kuna mabuu kwenye kidonda au chini ya mkia.
- Jicho moja limetokeza kuliko lingine.
- Joto la mwili liko chini ya 38 au limepita 40. La kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 hivi, na hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa vaselini, nyuma, taratibu sana.
- Kichwa kimepinda upande, au anapumua kwa shida.

Kumshika nako kuna namna yake. Asinyanyuliwe kwa masikio. Mfunge kwenye taulo, kichwa kibaki nje, na mkono mmoja uhimili makalio. Akirusha mateke ya nyuma akiwa hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Mtu wa pili ashike, wewe ufanye kazi. Vaa glavu na unawe kwa sabuni ukimaliza, kwa sababu baadhi ya bakteria wa majipu ya sungura, kama stafilokoka na pasturela, humwingia na binadamu mwenye mchubuko mkononi.

Kwa nini kukamua hakusaidii

Usaha wa mbuzi au wa mtu hutiririka jipu likipasuka. Wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, mweupe, na umefungwa ndani ya mfuko mgumu ambao mwili umeujenga kuuzunguka. Dawa ya sindano huufikia mfuko huo kwa shida, na ukiukamua kwa vidole, usaha kidogo hutoka mbele na mwingine husukumwa ndani zaidi, chini ya ngozi. Kesho uvimbe umepungua, mtoto anafurahi. Wiki mbili baadaye umerudi, pengine na mwenzake pembeni.

Kwa hiyo jipu ambalo halijapasuka usilipasue kwa wembe jikoni. Shingoni na chini ya taya kuna mishipa mikubwa ya damu, na maumivu peke yake yanatosha kumfanya sungura aache kula. Daktari akilikuta mahali panapofikika, mara nyingi huona heri kulitoa zima na mfuko wake, chini ya dawa ya usingizi. Na hapa kuna jambo la kuangalia. Ukiambiwa umnyime chakula usiku kucha kabla ya upasuaji, uliza tena kwa adabu. Kwa mbwa na paka ndivyo inavyofanyika ili wasitapike. Sungura hatapiki, na njaa ya usiku kucha inamdhuru.

Uvimbe mgumu mgongoni, ubavuni au shingoni, alikuwa mzima wiki iliyopita

Fikiria meno ya mwenzake kwanza. Madume wawili waliokua pamoja vizuri wanaanza kupigana wakifikisha miezi mitatu minne, na majike nao hawana huruma. Jino la sungura huacha tundu dogo linaloziba haraka juu, bakteria wamebaki ndani. Papasa kinyume cha nywele: utakuta kigaga kidogo, na pengine vingine ambavyo hukuviona. Kama kuna paka jirani aliyeingiza kucha kwenye kizimba, usingoje uvimbe utokee. Kidonda cha paka kipelekwe siku hiyo hiyo.

Kama hakuna aliyempiga, kagua kizimba kwa kiganja chako, pole pole: ncha ya waya, msumari, ubao uliopasuka. Kisha kumbuka sindano. Uvimbe pale pale alipochomwa dawa huweza kuwa ni dawa yenyewe iliyochoma nyama. Antibaiotiki ya enrofloksasini ya sindano inajulikana kwa hilo isipochanganywa na maji ya sindano.

Jipu la kung'atwa ndilo jepesi kuliko yote kwenye orodha hii, mradi umewatenganisha. Ukimrudisha kwa mwenzake kabla ya dume kuhasiwa, tutaonana tena.

Ukiona majipu yanatokea mahali mbalimbali, na sungura ana mafua yasiyoisha, miguu ya mbele ina nywele zilizogandana kwa kufutia pua, basi pasturela imeshakaa mwilini. Mtenge na wengine, na usipoteze fedha kwa kutibu jipu moja moja bila daktari kumpima.

Uvimbe chini ya taya, mdomo umelowa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo jipu linalowapotezea watu miezi.

Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote, na magego yamo. Ya mbele hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyasaga ni nyasi: kutafuna kwa upande, saa baada ya saa. Sungura anayelishwa mabaki ya posho, mkate, karoti na chakula cha vidonge hatafuni hivyo. Magego yanarefuka, na yakikosa nafasi juu yanasukuma mizizi chini, ndani ya mfupa wa taya. Jino linapinda, chakula kinaingia kando ya fizi, bakteria wanafuata. Unachokiona nje, yai gumu lililoshikamana na mfupa, ni mwisho wa safari iliyoanza muda mrefu.

Pitisha vidole chini ya taya zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mzima ni laini na ulionyooka. Ulioharibika una vinundu. Tazama kidevu kama kimelowa udenda. Tazama anavyokula: anakimbilia chakula, anakiokota, kisha anakiangusha, au anachagua majani mororo na kuacha mashina. Jicho la upande huo mara nyingi linatoa machozi, kwa kuwa mizizi ya meno ya juu iko karibu na njia ya machozi.

Jipu hili halitibiki nyumbani. Hata ukilisafisha vizuri namna gani, jino bovu likiwa bado limo, usaha utajaa tena. Linahitaji picha ya eksirei ya kichwa, jino kung'olewa, mfuko kutolewa au tundu kuachwa wazi lisafishwe kila siku, na antibaiotiki kwa wiki nyingi. Bakteria wa hapo aghalabu ni wale wasiopenda hewa, kwa hiyo dawa iliyomsaidia sungura wa jirani aliyeng'atwa mgongoni huenda isimfae wa kwako. Daktari akitaka kupeleka sampuli maabara, ichukuliwe kwenye ukuta wa mfuko. Usaha wa katikati mara nyingi hauoteshi bakteria yeyote maabara.

Kwa walio Kampala na jirani, zahanati ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere ni mahali pa kuanzia. Wilayani, ofisi ya mifugo ipo, ila madaktari wake wengi siku nzima wako na ng'ombe na mbuzi. Uliza bila aibu: "Daktari, umewahi kumlaza sungura kwa dawa ya usingizi?" Mwenye uzoefu hachukii swali hilo.

Na tangu leo mbadilishie sahani: matete, nyasi za kawaida zilizokauka kivulini, majani ya viazi vitamu kidogo, sere (yale magugu ambayo mbegu zake hunasa kwenye nguo) kutoka kando ya shamba. Vidonge viwe vya kuonja tu. Nyasi hazitaponya jino lililokwisha kupinda, ila zitayalinda meno mengine.

Jicho limetokeza

Mara nyingi ni jipu nyuma ya jicho, na mara nyingi chanzo ni magego ya juu. Usimwekee matone ya macho ya dukani, hasa yenye steroidi: sungura hupunguziwa kinga upesi sana na steroidi, hata za kupaka. Kwa daktari, siku hiyo.

Nyayo za nyuma zimenyonyoka nywele, nyekundu, zina kigaga

Sungura hana kiganja kinene kama cha mbwa. Ana ngozi na manyoya, basi. Sakafu ya waya, matandiko yenye mkojo, uzito mkubwa, kucha ndefu zinazomfanya aegemee kisigino: vyote hivyo huumiza nyayo. Sungura aina ya Rex, mwenye manyoya mafupi, huumia mapema zaidi.

Ikiwa ni wekundu tu, badili sakafu leo: ubao, juu yake gunia safi au nyasi kavu nene, na ibadilishwe kila ikilowa. Kata kucha. Ikiwa ngozi imepasuka, osha kwa maji ya chumvi (kipimo chake kiko chini) mara mbili kwa siku, kausha, weka asali nyembamba, funga shashi isiyobana. Ikiwa kuna usaha au uvimbe wa kifundo, bakteria wanaelekea kwenye mfupa, na ukichelewa hapo mguu haurudi. Wanaotibu nyayo huku wamemrudisha kwenye waya ule ule wananichosha, nasema kweli.

Kidonda kinanuka, au kuna kitundu kinachopumua

Nzi wa kawaida hutaga kwenye manyoya yenye kinyesi au mkojo, na mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Asubuhi hukuona kitu, jioni ya pili mabuu wanakula nyama. Nyoa manyoya yaliyolowa, toa mabuu mmoja mmoja kwa kibano, suuza kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kausha kabisa, na umpeleke hata kama unaona umewamaliza wote. Sumu na mshtuko huua baada ya mabuu kutolewa. Kisha jiulize kwa nini alikuwa mchafu nyuma: mnene mno hafiki kujisafisha? Anaharisha? Ana maumivu ya mgongo?

Huku kwetu kuna mwingine, nzi wa maembe, yule anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Hutaga kwenye mchanga wenye kivuli uliochanganyika na mkojo, na buu hujipenyeza kwenye ngozi ya sungura anayelala hapo. Utaona jipu lenye kitundu juu, na ukitazama kwa tochi kuna kitu kinachezacheza ndani. Ziba kitundu kwa vaselini nzito. Buu akikosa hewa hujitokeza, nawe umshike kwa kibano na kubana ngozi pande zote mbili kwa upole. Akipasukia ndani, ngozi hiyo itavimba vibaya. Tundu linalobaki lioshwe kama kidonda kingine chochote. Kizimba kiinuliwe kutoka ardhini, na mchanga uliokuwa chini yake ufagiliwe na kutupwa.

Titi la mama limekuwa gumu na la buluu

Bakteria wameingia kwenye titi, na ni hatari kwa mama na watoto. Daktari siku hiyo. Watoto usiwahamishie kwa mama mwingine anayenyonyesha, watampelekea ugonjwa.

Magamba masikioni, puani au vidoleni

Hili huletwa kama kidonda kibichi wakati ni upele wa utitiri, na usaha umefuata baadaye kwa sababu ya kujikuna. Magamba mazito ndani ya sikio usiyabandue, chini yake ni nyama tupu na maumivu hayasemeki. Utitiri ukifa, yataanguka yenyewe. Oili chafu ya injini, ambayo bado inapakwa kwa wingi, huingia mwilini sungura anapojilamba.

Ivamektini inafanya kazi vizuri, ila hesabu yake inahitaji utulivu. Kiwango cha sungura ni miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo, chini ya ngozi, na hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Dawa ya chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika mililita moja. Sungura wa kilo 2, kwa kiwango cha juu, anahitaji mililita 0.08. Kwenye bomba la insulini la yuniti 100 hiyo ni alama ya 8. Anayekuchomea kwa bomba la mbuzi na kusema "kidogo tu" hajapima chochote. Mpime sungura kwenye mizani ya duka kabla ya kwenda.

Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili zisimguse kabisa. Zimeua sungura.

Uvimbe laini, unateleza, hauumi

Huenda si jipu. Mafuta, kivimbe cha maji, uvimbe wa saratani, au mfuko wa lava wa mnyoo tegu wa mbwa, ambao sungura huupata kwa kula nyasi zilizochafuliwa na kinyesi cha mbwa. Daktari atachoma sindano nene kuona kilichomo. Sindano nyembamba haivuti usaha wa sungura, kwa hiyo "haikutoa kitu" kwa sindano nyembamba hakuthibitishi lolote.

Limepasuka lenyewe: kulisafisha nyumbani

Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, acha yawe vuguvugu. Punguza nywele kuzunguka tundu, ukizinyanyua kwanza kwa kitana, kwa sababu ngozi ya sungura ni nyembamba na mkasi huichana kirahisi. Weka kitambaa cha maji moto kiasi kwa dakika tano kulainisha kigaga. Kisha kwa bomba la mililita 20 lisilo na sindano, pulizia maji ndani ya tundu hadi yatoke safi, bila usaha. Usaha utatoka vipande vipande, na harufu yake si ya kawaida, jitayarishe. Kama unataka iodini, changanya sehemu moja ya povidoni ya asilimia 10 na sehemu tisa za maji. Spiriti, peroksaidi na Dettol viache kabatini, vinaunguza nyama changa ile ile inayojaribu kufunga kidonda.

Baada ya maji, asali. Inavuta unyevu, inawabana bakteria, na sungura akilamba kidogo hafi. Iwe asali halisi: inayouzwa barabarani mara nyingi imeongezwa sukari, na hata iliyo safi haijaondolewa vijidudu vyote kama ile ya hospitali. Kwa tundu kubwa, lenye mfuko unaouona, muulize daktari kwanza.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Tundu lazima lifunge kutoka ndani kuja nje. Likiziba juu mapema, lifungue kwa kitambaa cha moto na uendelee. Dawa ya kupuliza ya buluu naikataa hapa: inapaka rangi kila kitu na huoni tena usaha uko wapi.

Dawa za duka

Mwaka juzi nilikuwa kwenye duka moja la dawa za mifugo mjini, nyuma ya mama aliyeleta sungura wa binti yake. Muuzaji akamkatia vidonge vya amoksilini.

"Mama, nusu asubuhi, nusu jioni, kwenye maji."

"Ni ya sungura?"

"Kuku wangu wanapona na hiyo hiyo."

Nikamwomba mama tutoke nje kidogo. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya vidonge, klindamisini, linkomisini na erithromisini, zikimezwa na sungura, huua bakteria wema wa utumbo, na wabaya wenye sumu wanachukua nafasi. Anaharisha, halafu anakufa ndani ya siku chache, na watu husema jipu limemuua. Penisilini ya sindano chini ya ngozi ni habari nyingine. Madaktari huitumia kwa sungura, hasa kwa majipu ya taya, na hatari kubwa iko kwenye kumeza. Zinazomezwa kwa usalama zaidi ni enrofloksasini, Septrini na metronidazo, kila moja kwa jipu lake na kwa kipimo cha uzito alichoandika daktari. Kwa maumivu, daktari hutoa meloksikamu. Diklofenaki yako ibaki yako.

Wiki mbili zimepita, linajaa tena

Chanzo bado kipo. Rudi taya, kagua sakafu, angalia mwenzake, kisha rudi kwa daktari na uombe eksirei badala ya kubadilishiwa antibaiotiki ya tatu. Kupona kunaonekana kwa uzito na hamu ya kula kabla ya kidonda chenyewe, kwa hiyo mpime kila wiki na uandike.

Na kama umeamua kumchinja, usimle aliye kwenye dozi wala mwenye majipu mwilini. Mzoga uchimbiwe shimo refu. Matumbo na vile vivimbe vya maji usiwatupie mbwa wa kambini, ndivyo mnyoo tegu unavyorudi kwenye nyasi unazomkatia sungura wa pili.